Insasheni (insertion): neno moja kwenye karatasi nyingi. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeliona neno hili kwenye cheti cha ultrasaundi, na mwanangu analo kwenye daftari lake la bailojia. Ni kitu kimoja?

Si kimoja. Kiingereza kimelitwisha neno hili mizigo ambayo Kiswahili kimeigawa kwa vitenzi mbalimbali. Msuli hushika kwenye mfupa. Kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, hushika kwenye zalio, yaani kondo la nyuma. Herufi ya DNA hujichomeka isipotakiwa. Kitanzi huwekwa, mpira wa mkojo hutiwa, jani huota kwenye kifundo cha tawi. Yote hayo Mwingereza huyaita insasheni, na ndiyo sababu mtu anayetegemea kamusi peke yake huishia kuandika "uingizaji wa msuli". Msuli haujaingizwa popote.

Kwa hiyo tazama kwanza karatasi inazungumzia nini. Ikiwa ni mahali kitu kiliposhika, hapa tutasema mshiko. Ikiwa ni tukio lililoongeza herufi kwenye DNA, tutasema mwingizo. Ikiwa ni kazi ya mkono wa daktari, mkunga au muuguzi, tutasema uwekaji.

Msuli una ncha mbili. Mshiko ni ipi?

Ni ile inayovutwa. Ncha isiyosogea sana huitwa chanzo, na kwenye mikono na miguu chanzo kwa kawaida ndicho kilicho karibu na kiwiliwili. Chukua baisepsi, msuli wa mbele wa mkono wa juu. Vyanzo vyake viwili viko kwenye kombe la bega, na mshiko wake uko kwenye kinundu cha mfupa wa redio, ule wa upande wa kidole gumba, chini kidogo ya kisugudi. Redio ni mfupa unaozunguka, ndiyo maana baisepsi ina kazi mbili: kukunja mkono na kugeuza kiganja kitazame juu. Anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia anaitumia hiyo kazi ya pili. Mwanafunzi akijua mshiko uko kwenye mfupa gani na upande gani, kazi ya msuli ataigundua mwenyewe bila kukariri.

Majina hayabadiliki hata mambo yakigeuka. Mkwezi anapojivuta juu ya mnazi, mkono umeganda kwenye shina na mwili ndio unaosogea, kwa hiyo chanzo kinaufuata mshiko. Kwenye mtihani bado utaandika chanzo ni bega.

Kwa nini mshiko uko karibu mno na kiungo? Si ungekuwa mbali msuli ungepata nguvu zaidi?

Ungepata. Hebu tupige hesabu. Umeshika ndoo ya maji ya lita 10, yaani kilo 10, mkono umekunjwa kama herufi L. Kiganja kiko sentimita 35 kutoka kisugudi, na kano limeshika kama sentimita 5 kutoka hapo. Msuli unalazimika kuvuta kana kwamba umebeba 10 × 35 ÷ 5, yaani kilo 70, hata kabla ya kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Faida yake ni mwendo: kano likivutwa sentimita 1, kiganja kinasogea 7. Mwili umechagua wepesi, na gharama yake hulipwa pale pale kwenye mshiko. Ndiyo maana maumivu ya kazi nzito hupenda kukaa hapo.

Naumwa nyuma ya kisigino, pale kano linaposhika mfupa. Nimeambiwa nifanye mazoezi ya ngazi lakini yanazidisha. Kwa nini?

Kwa sababu zoezi la kushusha kisigino chini ya kidato cha ngazi linafaa zaidi kwa maumivu ya katikati ya kano, sentimita chache juu ya kisigino. Ukiumwa kwenye mshiko wenyewe, kushuka chini ya usawa kunalikandamiza kano kwenye mfupa. Fanya juu ya sakafu iliyo sawa: panda kwa vidole vya miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka polepole hadi kisigino kiguse sakafu, basi. Mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Viatu vyenye kisigino kidogo vinasaidia; makubadhi bapa kabisa yanaumiza zaidi.

Usikubali kudungwa sindano ya steroidi ndani ya kano hilo, kwani linaweza kukatika. Na ukiwa unatumia antibiotiki ya siprofloksasini kisha kano likaanza kuuma, acha dawa na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa za kundi hilo zinajulikana kwa kudhoofisha makano, hasa kwa watu waliopita miaka 60.

Cheti cha mke wangu kinasema kiungamwana kimeshika ukingoni mwa zalio. Tuwe na hofu?

Hofu hapana, ufuatiliaji ndiyo. Kiungamwana, ambacho wengi tunakiita kamba ya kitovu, mimba ikitimia huwa na urefu wa sentimita 50 hadi 60. Ndani yake mna ateri 2 na vena 1, zimezungukwa na ute mzito unaozikinga zisibanwe. Kwa kawaida kinashika katikati ya zalio au kando kidogo ya hapo. Kikishika ndani ya sentimita 2 kutoka ukingo, huo ndio mshiko wa ukingoni. Huonekana kwa takriban mimba 7 kati ya 100 za mtoto mmoja, na nyingi humalizika salama. Kinachotakiwa ni kupima ukuaji wa mtoto na kuhakikisha mshiko haujasogea ukaishia kwenye utando.

Na mshiko wa utandoni?

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Kwenye mshiko wa utandoni kiungamwana hakifiki kwenye nyama ya zalio. Kinaishia kwenye utando wa chupa, na kutoka hapo mishipa inatambaa peke yake, bila ute wa kuikinga, hadi ilifikie zalio. Hutokea kwa karibu mimba 1 kati ya 100 za mtoto mmoja, na mara nyingi zaidi kwa pacha, hasa wanaotumia zalio moja.

Mishipa hiyo ikiwa juu, mbali na njia, mimba inaweza kuendelea vizuri, ingawa mtoto anaweza kuwa mdogo. Ikipita mbele ya mlango wa kizazi, hali hiyo huitwa vasa previa, na chupa ikipasuka mshipa unaweza kupasuka nayo. Damu inayotoka hapo ni ya mtoto. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya karibu mililita 250 mwilini mwake, sawa na kikombe kimoja cha chai, kwa hiyo kiasi ambacho kwa mama kingekuwa kidogo kwake ni uhai wote.

Ikishagunduliwa, njia ni upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza, kwa kawaida kati ya wiki 34 na 37. Kuigundua kunahitaji ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi, na mara nyingi kipimo cha kupitia ukeni. Muda mzuri wa kutazama mshiko ni wiki 18 hadi 22. Baadaye zalio huweza kufichwa na mtoto mwenyewe. Anayekupima muulize swali moja tu: kiungamwana kimeshika wapi?

Jambo la pili ni safari. Mama wa visiwa vidogo vya Zanzibar kama Kojani, Makoongwe au Tumbatu anahitaji chombo cha baharini kabla ya gari. Kwa vasa previa hilo halingojewi. Miadi ipangwe mapema kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea, na wiki za mwisho akae kwa jamaa wa mjini, Chake, Mkoani au Unguja, popote palipo karibu nayo.

Zalio kukaa chini ni hilo hilo?

Hapana. Hilo ni zalio lenyewe kuziba au kukaribia mlango wa kizazi. Mshiko wa kiungamwana ni jambo la pili, ingawa zalio lililokuwa chini mapema kisha likapanda ni sababu nzuri ya kutazama vasa previa. Na yai kujipandikiza kwenye ukuta wa kizazi siku za mwanzo si insasheni kabisa. Lina neno lake.

Mkunga atajuaje wakati wa kuzalisha, kama mama hakupimwa?

Damu inayoanza pale pale chupa inapopasuka, mama hana maumivu makali, na mapigo ya mtoto yanashuka: afikirie vasa previa na aite timu ya upasuaji bila kusubiri kipimo.

Mtoto akishazaliwa salama, tahadhari iko kwenye kuvuta. Oksitosini uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika 1, kisha mkono mmoja juu ya kinena ukikizuia kizazi kisifuate, na mkono wa pili unavuta taratibu kizazi kinapokaza. Kamba iliyoshika utandoni hukatika kwa urahisi. Ukiihisi inachanika, acha kuvuta na mwambie mama asukume mwenyewe. Zalio likitoka lisikimbizwe kuzikwa kabla ya kutandazwa: pima umbali wa mshiko kutoka ukingo, tazama kama kuna mshipa uliokatika kwenye utando, uandike. Dakika mbili tu, na kwa mimba ijayo habari hiyo ina thamani.

Kwenye vinasaba, mwingizo ni nini hasa?

Ni herufi kuongezeka kwenye DNA pale zisipokuwapo. Inaweza kuwa herufi 1, zinaweza kuwa maelfu. Seli husoma jeni, tafadhali si jini, kwa mafungu ya herufi tatu tatu, na kila fungu, yaani kodoni, linaagiza tofali moja la protini. Chukua sentensi ya maneno ya herufi tatu:

MTU ALA UJI NJE

Chomeka K moja baada ya M, kisha soma tena tatu tatu:

MKT UAL AUJ INJ E

Herufi moja tu, na kila kilichofuata kimeharibika. Huko ndiko kuhama kwa mpangilio, na mara nyingi protini hukatishwa njiani kwa sababu kodoni ya kusimama hujitokeza mapema. Sasa chomeka herufi tatu, PIA, baina ya maneno:

MTU PIA ALA UJI NJE

Inasomeka, ila ina neno la ziada. Ukizichomeka ndani ya neno, baada ya AL, utapata MTU ALP IAA UJI NJE: maneno mawili yameharibika, yaliyobaki yamepona. Ndiyo maana anayesoma majibu ya kipimo cha vinasaba huuliza kwanza kama idadi ya herufi zilizoongezeka inagawika kwa 3. Si kanuni ya usalama lakini. Ugonjwa wa Huntington, unaorithiwa na kuharibu ubongo, hutokana na fungu la CAG kujirudia kupita kiasi. Marudio 40 au zaidi humletea mtu ugonjwa, na hakuna mpangilio uliohama hata kidogo.

Selimundu ni mwingizo?

Hapana, na swali hili linakuja kila mara. Selimundu ni herufi moja kubadilishwa na nyingine, A ikawa T, kwenye jeni la beta globini. Urefu haukubadilika. Kwenye jeni hilo hilo kuna mwingizo wa kweli: G moja kuchomekwa baina ya kodoni ya 8 na ya 9, ambao husababisha thalasemia ya beta, upungufu wa damu wa kurithi, na unajulikana sana India na Pakistani. Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi wa neva, nayo ina mwingizo mashuhuri wa herufi nne, TATC, kwenye jeni la HEXA. Kundi la damu O kwa kawaida ni kinyume chake: herufi moja ya G imepotea.

Majibu yana "ins", "dup" na "fs". Nisomeje?

"ins" ni herufi mpya zilizochomekwa. "dup" ni herufi zilizokuwapo jirani zikarudiwa. Nayo ni nyongeza, ila kanuni ya sasa inataka iandikwe dup. Kwa sababu hiyo mwingizo mmoja unaweza kuwa na majina mawili kwenye karatasi mbili: ule wa Tay-Sachs ulikuwa 1278insTATC, sasa ni c.1274_1277dup. Usidhani mgonjwa ana kasoro mbili. "c." inahesabu herufi za jeni, "p." inahesabu matofali ya protini, na "fs" inasema mpangilio umehama.

Vipande vinavyojihamisha na virusi vinahusikaje?

Barbara McClintock, akichunguza rangi za punje za mahindi huko Marekani, aligundua vipande vya DNA vinavyohama na kujichomeka kwingine. Tuzo ya Nobel alipewa 1983. Kwenye DNA ya binadamu vipande viitwavyo Alu vimejinakili zaidi ya mara milioni moja, karibu asilimia 10 ya DNA yote. Bakteria wana vyao, na huvitumia pia kuhamisha jeni za usugu wa antibiotiki.

VVU hufanya kazi hiyo kwa makusudi. Hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha kimeng'enya cha integresi kinaichomeka ndani ya DNA ya seli. Dawa ya dolutegravir, iliyo kwenye kidonge cha TLD wanachomeza wenye VVU, inaizuia integresi. Lakini haiwezi kung'oa kilichokwisha kuchomekwa, na ndiyo sababu mtu mwenye vipimo vizuri kabisa bado anameza kidonge kila siku.

Nataka kuwekewa kitanzi. Kinawekwaje, na nini huharibika?

Kitanzi cha shaba aina ya T 380A hukaa hadi miaka 12. Mtoa huduma huanza kwa mkono, kujua kizazi kimeinama mbele au nyuma. Hatua hii ikirukwa ndipo kizazi hutobolewa, kwa sababu kifaa kinasukumwa upande usio wake. Kisha husafisha mlango wa kizazi, huushika kwa koleo, na hupima kina, ambacho kwa kawaida ni sentimita 6 hadi 9. Mikono ya T hukunjwa ndani ya mrija muda mfupi tu kabla ya kuweka, isizidi dakika 5, la sivyo husahau kufunguka. Mrija ukifika juu, kijiti cha ndani hushikwa pasi na kusogea na mrija ndio unaorudishwa nyuma. Anayesukuma kijiti badala ya kuvuta mrija anahatarisha kutoboa. Kijiti hutolewa kwanza, mrija baadaye, nyuzi hukatwa kwa sentimita 3.

Kutoboka kizazi ni takriban mara 1 kwa uwekaji 1,000, zaidi kidogo kwa anayenyonyesha. Kutoka chenyewe hutokea zaidi mwaka wa kwanza. Usipozigusa nyuzi, mpangilio ni kipimo cha mimba, ultrasaundi, na kisipoonekana, eksirei ya tumbo. Baada ya kujifungua huwekwa ndani ya saa 48, vizuri zaidi dakika 10 za kwanza baada ya zalio. Ukizipita saa hizo, subiri wiki 4.

Wengi huuliza kuhusu mchana wa Ramadhani. Kitiba siku haina tofauti. Kwa fikihi ya Shafi, ambayo wengi hapa tunaifuata, kinachoingia kupitia tundu lililo wazi la mwili hufunguza. Basi panga miadi kabla au baada ya mwezi, na la zaidi muulize sheikhe wako.

Na vijiti vya mkononi?

Huwekwa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu usioutumia sana. Kabla hujaondoka, wewe na mtoa huduma mkiguse. Kisiposikika kwa vidole hakijawekwa sawasawa, au hakijawekwa kabisa, na hutakiwi kukitegemea hadi kionekane kwa kipimo.

Baba alitoka damu alipotiwa mpira wa mkojo. Ni kawaida?

Matone machache, ndiyo. Damu nyingi na maumivu makali mara nyingi humaanisha puto lilijazwa likiwa bado njiani. Njia ya mkojo ya mwanamke ni karibu sentimita 4, ya mwanamume karibu 20. Kwa mwanamume mpira husukumwa hadi kwenye panda yake hata kama mkojo umeshatoka, na ndipo puto hujazwa maji safi ya sindano, kwa kawaida mililita 10. Maji ya chumvi yasitumike, huganda chembechembe na puto hukataa kupungua siku ya kutoa. Mgonjwa akilalamika wakati wa kujaza, simama, toa maji, sukuma zaidi. Mfuko ukae chini ya kibofu, usilazwe sakafuni.

Rangi za kanula ya dripu zina maana?

Ni unene. Kijani ni namba 18, waridi 20, buluu 22, njano 24 ya watoto wachanga. Sindano ikisharudishwa nyuma isisukumwe tena mbele ndani ya mpira wake: inaweza kukata kipande kikaenda na damu.

Neno hili lipo hata kwenye karafuu na samaki?

Lipo. Majani ya mkarafuu yameshika mawili mawili, yakitazamana kwenye kifundo kimoja. Kwenye ua, petali na stameni zimeshika juu ya ovari, kwa hiyo ule mwili mrefu wa karafuu unaoudhani kikonyo ndio wenye ovari ndani. Kikonyo halisi ni konyo, lile linalobaki mkononi mwa mchambuzi na kupelekwa kutolewa mafuta. Pale karafuu ilipong'oka ndipo mshiko wake ulipokuwa.

Kwa samaki lina mtego mmoja. Kwenye pezi, chanzo ni mwanzo wa mbele wa kitako chake na mshiko ni mwisho wa nyuma. Ukibishana na mtu kuhusu papa aliyeletwa sokoni, tazama pezi la kwanza la mgongoni linaanzia wapi. Kwa *Carcharhinus plumbeus* linaanzia juu ya mshiko wa pezi la kifuani au mbele yake kidogo. Kwa *Carcharhinus falciformis* linaanzia nyuma, hata limeipita ncha ya nyuma ya pezi la kifuani. Papa akishakatwa mapezi, ubishi huo haumaliziki kwa macho.